Salamu za Pikapu ya Njano

Fundi Boyd alichomoka chini ya pikapu uso wote kutu, akakaa hapo hapo sakafuni, na Enid akajua mambo yameharibika kabla mdomo haujafunguliwa.

"Anti Enid, nisikufiche. Chesisi, mifupa yenyewe ya gari, imekwisha. Nimeigusa na bisibisi, ikatokea upande wa pili."

"Si uchomelee tu?"

"Nichomelee nini kwenye nini? Itakuwa kutu kwenye kutu! Ukibahatika utafika nayo Krismasi. Usipobahatika, siku moja utaingia dukani umeshika usukani mkononi, pikapu yenyewe umeiacha kule bandarini Kingston."

Enid akacheka, maana Boyd ana kipaji cha kutoa habari mbaya ukacheka. Jerilyn hakucheka. Jerilyn ni mjukuu wake, karudi kisiwani Norfolk juzi juzi kutoka jiji la Brisbane na ufundi wake wa umeme, siku nzima yuko juu ya mapaa ya watu anafunga paneli za jua, na tangu arudi kila maongezi yeye huyafikisha kwenye umeme. Ukimwambia supu imepoa, atakueleza habari za waya.

"Bibi, umesikia lakini? Umesikia kwa masikio yako mwenyewe?"

"Nimesikia."

"Na Mzee Hedley anasubiri jibu."

Hapo sasa. Mzee Hedley, rafiki wa Elwyn, marehemu mume wa Enid, tangu wakiwa watoto, alikuwa anahamia Brisbane kwa binti yake, ndege yake Ijumaa. Alikuwa na gari la umeme, jeupe, dogo, kama friji iliyolazwa chali. Mama mwenye nyumba ya wageni alikuwa analitolea macho, lakini Hedley kasema mjane wa Elwyn ndiye wa kwanza kuulizwa, na jibu alilitaka Alhamisi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani, ndani ya pikapu ile ile iliyohukumiwa, wakabishana. Enid kashika usukani, Jerilyn kashika mlango usifunguke.

"Ng'ombe hawatalisikia," Enid alisema. "Halina sauti. Nitamgonga ng'ombe wa watu."

"Bibi! Lini ng'ombe wa Norfolk alimpisha mtu? Hii yako ekzosi imetoboka inanguruma kama radi, na bado unasimama unamsubiri mheshimiwa amalize kutafuna."

"Umeme ukikatika?"

"Una paneli juu ya paa. Nimezifunga mimi."

"Betri ikiniishia njiani?"

"Njiani wapi? Kisiwa chenyewe ukikanyaga vizuri unaangukia baharini! Ukichaji Jumapili unazurura mpaka Jumapili nyingine. Na petroli yako je? Meli ya mafuta iko huko nje wiki nzima, bahari imechafuka, haiwezi kushusha, kituoni wamefunga pampu kwa kamba. Kamba, Bibi!"

Hapo ndipo gari la mkate la Pearlie likatokea mbele yao, na Pearlie, pale nyuma ya kioo, akainua vidole viwili kwenye usukani, akavikunja mara mbili haraka haraka, kama sungura anayeitikia kwa masikio. Enid akampungia kiganja kizima. Moyo ukapata joto, kama kila siku.

Sababu yenyewe ilikuwa hiyo, na hakuwahi kumwambia mtu.

Norfolk kila dereva husalimia kila dereva, na usiposalimia watu watapita nyumbani kukuuliza unaumwa wapi. Kila mtu ana salamu yake. Boyd huinua kidevu. Hedley huvuta sikio. Masikio ya sungura yalikuwa ya Elwyn, na watu kwa utani walikuwa wakimrudishia hayo hayo, mpaka ikawa ukiiona pikapu ya njano vidole viwili vinajiinua vyenyewe. Halafu Elwyn akafariki, Enid akaanza kuiendesha pikapu, na salamu hazikukoma. Kisiwa kizima kiliendelea kumkunjia vidole Elwyn. Enid yeye alijibu kwa kiganja, maana vile vidole havikuwa vyake. Lakini alizipokea zote. Siku akiamka vibaya alijizulia safari ya chumvi, na chumvi kabatini imejaa, ili tu apite barabarani mume wake akisalimiwa.

Sasa umwambie nini msichana wa Brisbane? Kwamba unang'ang'ania gari bovu kwa ajili ya vidole?

Alhamisi ikafika. Jerilyn akachukua pikapu kwenda kufunga paneli upande wa Anson Bay, akamshusha bibi yake kwa Hedley na kumbusu. "Lizungushe peke yako, Bibi. Mimi sitaki kukushawishi."

"Umenishawishi wiki nzima!"

"Ndiyo maana nimechoka."

Nyumba ya Hedley ilikuwa na masanduku hadi mlangoni. Akamkalisha Enid kwenye gari, akainama dirishani.

"Bonyeza hapo."

Enid akabonyeza. Akangoja. "Limewaka?"

"Limewaka."

"Mbona halisemi?"

"Liseme nini, Enid? Limelelewa vizuri."

Kweli lilikwenda. Loo, lilivyoteleza! Mlima ule ambao pikapu huupanda ikikohoa, hili lilipanda kama linashuka, na Enid akajikuta anacheka peke yake kama binti aliyeiba gari la baba. Ndipo akakutana na mtu wa kwanza. Mchungaji. Mchungaji akavuta sikio.

Enid akageuka kutazama nyuma. Hakuna mtu. Akakutana na mwalimu mkuu, naye akavuta sikio. Pale Burnt Pine madukani, wanne kwa mfululizo, masikio yanavutwa! Mwanzoni alicheka mpaka machozi. Gari la Hedley, salamu za Hedley, ilikuwa haki kabisa. Lakini alipoegesha dukani machozi hayakukoma, na hayakuwa ya kicheko tena. Katikati ya madirisha yale yote hakuna hata mmoja aliyemsalimia Elwyn. Ilikuwa kama mtu huyo hakuwahi kuishi.

Akanunua chumvi, asiyoihitaji. Aliporudi, Pearlie wa mkate alikuwa amesimama kando ya gari, mikono kiunoni.

"Wewe Enid! Funguo kuacha ndani sawa, sote tunaacha. Lakini umeliacha linawaka, mama!"

"Sasa mimi nitajuaje? Linanyamaza kama limenuna!"

Akaingia, uamuzi ameshaufanya. Analirudisha. Mama wa nyumba ya wageni alichukue, na yeye atakwenda na kutu yake hadi Krismasi, na ikikatika njiani atatembea kwa miguu. Basi.

Kabla ya kona ya kwa Hedley ng'ombe akasimama katikati ya barabara. Mwekundu, mnene, hana haraka. Enid akasimama. Dirisha lilikuwa wazi, gari halitoi hata mnong'ono, upepo tu kwenye misonobari na ng'ombe akitafuna.

Ndipo akaisikia.

Kwa mbali, nyuma ya kona, ekzosi iliyotoboka. Mngurumo, kikohozi, mngurumo. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akiusikia hivyo, kutoka jikoni, mikono ina unga wa pai ya konokono wa baharini, na mara moja anabandika birika, maana Elwyn karibu kufika. Tangu afe hakuwahi kuusikia ukija. Kila siku alikuwa yeye ndani ya pikapu.

Mkono ukatafuta birika. Birika hakuna, kuna usukani.

Pikapu ya njano ikatokea kwenye kona, jua limepiga kioo chote, dereva haonekani. Na vidole vya Enid, viwili, vikainuka juu ya usukani bila kumwomba ruhusa. Vikajikunja mara mbili.

Nyuma ya kile kioo cheupe, vidole viwili vikamjibu.

Pikapu ikafika kwa ng'ombe, ikazima kwa kishindo, na kichwa cha Jerilyn kikatoka dirishani.

"Bibi! Hujawahi kuifanya hiyo!"

"Na wewe umeitoa wapi?"

"Babu alinifundisha. Nikiwa mdogo, nimekaa mapajani, yeye anakanyaga mimi nasalimia. Alisema watu wakijibu, mshahara wangu huo." Kisha akamwangalia vizuri. "Bibi. Unalia."

Enid akashuka, akasimama upande mmoja wa ng'ombe, mjukuu upande wa pili, na hapo, juu ya mgongo wa ng'ombe, akamweleza yote: chumvi, kiganja, masikio ya Hedley. Alingoja achekwe. Jerilyn akapitisha mkono juu ya ule mgongo mwekundu na kumshika bibi yake kidole.

"Kumbe ndiyo hiyo? Na mimi nakuhubiria betri!"

"Ningeanzia wapi kukwambia?"

"Lakini Bibi, salamu haikuwa ya pikapu. Pikapu ina vidole?"

Ng'ombe akaona amesikia ya kutosha, akaondoka.

Enid hakwenda kwa Hedley moja kwa moja. Aligeuza, akarudi Burnt Pine. Pearlie huyo anakuja na mkate wake, mkono uko njiani kwenda sikioni. Enid akamuwahi. Vidole viwili, kunja, kunja. Mkono wa Pearlie ukakwama hewani, gari la mkate likayumba kidogo, halafu vidole viwili vikapanda, vikajikunja, na Pearlie akapiga honi mpaka akapotelea bondeni. Alipofika kwa mchungaji tayari habari zilikuwa zimemtangulia, maana Norfolk haihitaji redio.

Hedley alikuwa amekalia sanduku lake kubwa barazani.

"Vipi, linakufaa?"

"Linanifaa."

Hedley akafurahi, halafu uso ukamshuka. "Kule Brisbane, Enid, nikivuta sikio nani ataniitikia?"

Enid akaingia jikoni kwa mzee, akabandika birika.

Ijumaa alasiri akaenda uwanja wa ndege na gari jeupe, akaliegesha karibu na uzio, mahali abiria wanapoonekana wakipanda ngazi. Hedley alipofika ngazi ya juu akageuka. Enid akatoa mkono dirishani na kuvuta sikio, kwa nguvu, mpaka likauma. Hedley akavuta lake. Kisha akainua vidole viwili.

Ndege ilipopotea Enid akabonyeza pale pa kuwasha, gari likazima. Kumbe lilikuwa linawaka muda wote.