Gumba Lililoacha Kazi

Usiku wa jana niliota bunduki yangu imefunga mlango kwa ndani.

Ni bunduki ya marisau, ya mashindano. Risasi husukumwa kwa kidole gumba kupitia uwazi ulio chini yake, ambao sisi walengaji tunauita mlango. Mtihani wa Jumamosi ni kuingiza risasi nne kwa sekunde nne, na timu imebakiza nafasi moja. Rekodi yangu ni sekunde sita na nukta tatu. Ndoto haikubadilisha tarakimu hizo.

Kocha Mwakideu amesimama ukingoni mwa uwanja wa shabaha. Juu ya shingo, mahali pa kichwa, ana kipima muda. Kinalia: piii!

Nachomoa risasi ya kwanza mkandani, naisukuma. Mlango haufunguki.

"Bisheni hodi," bunduki inasema. "Hapa si sokoni."

"Hodi!" risasi inaita.

"Karibu. Habari za utokako?"

"Njema."

"Watoto hawajambo?"

"Mia tatu na wawili, wote wazima," risasi inajibu, marisau yakichakarika tumboni mwake.

Sekunde kumi na moja. Risasi ya pili inakohoa, ikijiandaa kuulizwa hali.

Hapo nikafanya kosa langu la siku zote: nikautazama mkono. Kocha hutuambia kila zoezi kwamba anayeutazama mkono wake anaupoteza. Nilidhani anazungumzia muda. Gumba langu la kushoto lilikuwa limeshafika kwenye kifundo cha mkono, limebeba kifurushi, linateremka.

Damu haikuwepo. Palipokuwa na gumba palikuwa laini kama goti la mtoto mchanga.

"Unaenda wapi?" nikaliuliza.

"Nimeacha kazi. Tangu Aprili umenibana kwenye mlango huu mara kumi na nne. Pole hata moja sijaisikia."

"Mara kumi na mbili," nikalisahihisha. "Nimeandika."

"Ndiyo maana naondoka, dada."

Likaruka. Nilipoinama kulifuata, uwanja haukuwepo tena. Nilikuwa ndani ya ofisi yenye benchi refu, na juu ya benchi yameketi magumba, kila moja na namba yake. Mezani yupo mwamuzi wa mashindano. Kocha amewekwa ukutani, kama saa, na bado anahesabu.

"Mshai, chagua upesi," mwamuzi anasema.

"Nataka langu."

"Lako limeshapata mtu. Mpiga malimba, ala ya kuchezwa kwa magumba. Alianza kwa kuliambia pole."

Nilitafuta kifungu cha kanuni kinachokataza jambo hilo. Sikukipata.

Gumba moja pana likasimama bila kuitwa. "Mimi nimepukuchua mahindi misimu arobaini," likasema. "Wewe una risasi ngapi?"

"Nne."

"Nne! Na hizo ndizo zinakutoa jasho?"

Benchi zima likacheka. Gumba likajibandika mkononi mwangu. Lilikuwa la moto. Bila kuniuliza, likachomoa risasi mbili kwa mpigo, likazipanga moja nyuma ya nyingine.

"Waliofuatana hubisha hodi moja," likanieleza. "Hodi!"

"Karibuni," bunduki ikajibu, na mlango ukafunguka.

Mbili zikaingia. Hodi ya pili, nyingine mbili. Habari za watoto zikaulizwa huko ndani, mlango ukiwa umeshafungwa.

Piii! Sekunde tatu na nukta moja.

"Umeona?" kocha akasema kutoka ukutani. "Leo hukuutazama mkono."

Ni kweli sikuutazama. Niliogopa.

Niliamka saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vitano; nilivihesabu mara mbili. Nikachukua simu, nikaweka gumba ili niifungue, kama nifanyavyo kila siku.

Alama ya kidole haijatambuliwa.

Nikalipangusa gumba kwa shuka, nikajaribu tena. Haijatambuliwa. Mara ya tatu, vivyo hivyo. Kidole cha shahada, cha mkono uleule, kilifungua papo hapo.

Kulikuwa na ujumbe wa kocha: "Mshai, ile nafasi bado unaitaka?"

Nilikaa kitandani kwa muda ambao sikuupima. Kisha nikaligeukia gumba.

"Pole na safari," nikaliambia, halafu nikaandika ndiyo.