Nywele Kwenye Mawaridi

Mawaridi ya Nyaboke yalikuwa yakiliwa, na Nyaboke si mtu wa kulala na swali. Kila akiamka alikuta machipukizi yamekatwa safi, na mwizi hajavunja hata kijiti kimoja. Kwanza aliwatuhumu mbuzi wa jirani. Kisha akamwaga majivu kuzunguka mashina, na kulipokucha akakuta alama za kwato ndogo zilizopasuka katikati, kila upande kama punje ya kunde.

"Paa huyo," akasema mama mkwe wake, Kadzo, bila hata kuinama. "Watoka msituni. Walikuwako hapa Gede kabla ya hayo maua yako."

Nyaboke aliolewa hapo kutoka Kisii, na kwa kuwa mumewe, Randu, alikuwa kazini Magarini, nyumba ilibaki na wanawake wawili na maswali mengi. Kadzo aliyajibu yote isipokuwa moja: kwa nini mama wa umri wake apake piko, ile rangi nyeusi, kila unywele mweupe unapochungulia?

"Mama watafuta mchumba?" Nyaboke alimtania siku moja. Kadzo hakucheka. Alikaza leso kichwani na kuendelea kuchambua mchicha.

Basi vita na paa vikaanza. Pilipili aliyoinyunyiza ilioshwa na mvua. Sabuni aliyoitundika ilibebwa na kunguru, watu wasio na aibu hao. Kisha akasoma kwenye simu kwamba paa huogopa harufu ya binadamu, na nywele hushika harufu hiyo kwa muda mrefu. Kadzo alikuwa amekwenda Magarini kumwona mwanawe, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza. Nyaboke akaenda kwa Tevin, kinyozi wa steji ya matatu, kijana wa bara kama yeye, ambaye alifurahi kufagiliwa sakafu. Nywele zile akazitia kwenye nyavu za vitunguu, akazining'iniza kwenye mawaridi. Machipukizi yakapona. Kwa furaha aliyokuwa nayo, ungedhani amejifungua.

Kadzo alirudi adhuhuri moja. Alipofika langoni akaziona nyavu, akasimama.

"Nywele za nani hizi?"

"Za watu tu, Mama. Nimezitoa kwa kinyozi."

"Za watu," Kadzo akarudia, na mkoba ukamponyoka. "Ziondoe, mwanangu. Ziondoe sasa hivi."

Nyaboke hakupata muda wa kuziondoa. Jirani yao Ngumbao alikuwa ameumwa na kichwa wiki nzima, na Tevin, bila ubaya wowote, alikuwa amemwambia nywele zake zilikokwenda. Akaja na wenzake watatu, akapita langoni bila salamu. Nyaboke alijitokeza kueleza, lakini hakuna aliyemtazama.

"Mama Kadzo, nywele zangu zafanya nini kwako?"

"Mimi ndiye niliyezitundika," Nyaboke akasema. "Ni za kufukuza paa."

"Wewe mgeni, mambo haya huyajui."

Macho ya Ngumbao yalikuwa kwenye leso ya Kadzo, pale ilipoteleza. Huko Magarini piko ilikuwa imeisha, na mvi zilikuwa zimetoka kwenye mizizi.

Hapo ndipo Nyaboke alipopata jibu la swali lake. Alikuwa amesikia habari za wazee wanaoitwa wachawi kwa sababu ya mvi, wakakatwa mapanga mbele ya wajukuu. Hakuwahi kuzihusisha na piko. Na sasa yeye mwenyewe, kwa ajili ya maua, alikuwa amewaletea watu ushahidi hadi nyumbani kwa Kadzo.

Akaingia ndani, akatoka na mkasi. Misuko yake ilifika mgongoni, na aliionea fahari. Akaikata mmoja baada ya mwingine, akaisokota ndani ya wavu pamoja na nywele za wengine.

"Haya, Ngumbao, chagua zako. Na zangu zimo humo humo. Kama ni uchawi, basi nimejiroga kwa mkono wangu. Ukitaka tuzifukie zote, jembe lile pale. Chimba wewe."

Ngumbao akachungulia wavuni, akapekua, akapekua tena. Nyeusi zote, za kipilipili zote. Mwenzake mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kile kikafanya kazi nzuri kuliko maelezo yote ya Nyaboke. Ngumbao akashika jembe. Walipomaliza kufukia, akajifuta jasho na kugeuka kwa Kadzo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," Kadzo akaitikia, akiirudisha leso yake kichwani.

Asubuhi machipukizi yalikuwa yameliwa yote. Nyaboke aliyatazama, akashangaa kwamba hana hasira. Akakoroga piko kwenye bakuli, akaweka kigoda mlangoni, akamwita mama mkwe wake.

"Leo hunitanii?" Kadzo akauliza.

"Sikutanii, Mama. Inamisha kichwa."

Akapaka taratibu, nyuma ya masikio na kisogoni, akitafuta weupe wowote ambao mtu mwingine angeweza kuuona.