Mfuko wa Kijani Juu ya Ruta

Mume wangu, Lai Kun-shan, alikuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta katika kiwanda cha baiskeli kwa miaka kumi na tisa, na tangu astaafu amekuwa mkuu wa kitengo hapa nyumbani. Kitengo chenyewe ni mimi, ruta moja ya kutugawia mtandao na simu mbili. Majirani wa jengo letu hapa mjini Chiayi humwita "Mkuu" mpaka leo, naye huitika bila hata kutabasamu, kama mtu anayepokea haki yake.

Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa siku ya kumchagua mwenyekiti wa kamati ya jengo, saa tisa alasiri, ukumbini chini. Kun-shan alikitaka kiti kile kwa roho yake yote. Alikuwa ameandaa hotuba yenye kurasa arobaini za kuonyesha kwenye runinga, jina lake "Usalama wa Mtandao Unaanza Nyumbani Kwako", na yote alikuwa ameihifadhi mtandaoni, kwa kuwa karatasi, anasema, ni mambo ya watu wa zamani.

Saa tatu asubuhi akaniambia mtandao wetu unachechemea. Kila siku unachechemea, lakini siku hiyo aliamua kuusafisha. Akachukua simu yake na yangu, akafuta kumbukumbu zote za mtandao ili "zianze upya". Zikaanza upya kweli. Zote mbili zikauliza neno la siri.

Kun-shan akanyoosha kidole juu ya kioo. Kidole kikabaki pale pale.

"Umesahau," nikasema.

"Sijasahau. Naliachia nafasi lije."

"Lije kutoka wapi, kwa treni?"

"Pi-hsia, usinipigie kelele, nafikiri!"

Hapa lazima niseme jambo moja. Neno hilo la siri, au paswedi kama wasemavyo majirani, sikuwahi kuambiwa. Nikipata simu mpya, huichukua mkononi mwangu, hunipa mgongo, huinua bega kama mtoto anayeficha majibu ya mtihani, huandika, kisha hunirudishia. "Wewe una mdomo," aliniambia mwaka wa kwanza. "Ukilijua leo, kesho jengo zima linalijua." Nimezaa naye, nimemuuguza mama yake miaka minne mpaka nikamfumba macho, lakini namba za mtandao siaminiki nazo. Iliniuma.

"Jaribu siku aliyozaliwa Yu-chen," nikamwambia. Yu-chen ni binti yetu.

"Mtaalamu hatumii siku za kuzaliwa," akasema, akaijaribu. Ikagoma.

"Basi tarehe ya harusi yetu."

Nilisema polepole, na ninakiri kwamba moyo ulinidunda kidogo. Akaandika tarehe kumi na nane Machi. Ikagoma.

"Unaona? Siyo."

"Naona," nikasema. Haikuwa neno la siri, na wala haikuwa tarehe ya harusi yetu. Sikumsahihisha.

Msinifikirie kwamba sikumsaidia. Nilimkumbusha kuwa ruta ina kitundu kidogo nyuma, ukikibonyeza kwa sindano inarudi ilivyotoka dukani. Nilikwisha hata kumtolea sindano kwenye kopo la nyuzi. Akaruka kama nimeishika kumchoma yeye.

"Usithubutu! Ukiifuta itataka namba za akaunti, zile za kampuni ya mtandao."

"Si walikupa karatasi?"

Akatazama dari. "Niliichoma. Kwa usalama."

"Uliichomea wapi?"

"Kwenye pipa. Siku ile tulipowachomea wazee fedha za kuzimu."

Nikaketi. Kwetu, kinachochomwa siku hiyo huwafikia marehemu. Basi baba yake na babu yake, wasiojua hata kuwasha redio, huko waliko wana mtandao, na sisi hatuna. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Akaipigia simu kampuni, akasikilizishwa muziki dakika ishirini na tano, akaambiwa fundi atakuja Jumanne. Nje ya mtandao wa nyumbani, simu zetu ni za kupiga na kupokea tu. Ndivyo alivyoamua mwenyewe, kwani mwenye mtandao nyumbani ataununuaje tena barabarani? Na kuomba mtandao wa jirani, siku anayojinadi kuwa bingwa wa mitandao, afadhali ameze ile sindano. Mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa hataki hata ijulikane kwamba anaumwa.

Ilipofika saa sita akawa amejaribu mara hamsini. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Ndipo nikamwona anaitazama ruta kwa jicho la mwizi.

Juu ya ruta yetu, kama juu ya kila mashine ya maana hapa kwetu, umelazwa mfuko wa vitafunio vya mahindi. Uwe wa kijani, usipitwe na tarehe, usiliwe, usichezewe. Hapo mashine itatulia. Kun-shan huwacheka wanaoogopa mizimu, lakini mfuko ule hajawahi kuuondoa. Siku hiyo aliuinua kwa vidole viwili, akaugeuza. Mgongoni hapakuwa na kitu. Akaugeuza tena, rangi ikamtoka usoni.

"Pi-hsia, mfuko wa zamani uko wapi?"

"Wa zamani upi? Nilibadilisha kabla ya mwezi wa saba, kama kila mwaka. Ulibakiza wiki mbili upitwe na tarehe."

"Na ule wa zamani?"

"Nikauweka mezani siku ya kuwalisha mizimu, pamoja na tambi na machungwa. Kulikoni?"

Akameza mate. "Kila mwaka huwa naliandika mgongoni. Kwa kalamu. Mfuko wa kwenye mashine hakuna anayeugusa, kwa hiyo ni mahali salama kuliko benki. Mwaka huu, kwa haya mambo ya uchaguzi, sikupata nafasi ya kuandika kwenye huu mpya."

Nikamwangalia. Miaka sita nimekuwa nikipangusa vumbi kuzunguka mfuko ule, na kuuondoa kwa mikono miwili, kwa heshima, bila kuugeuza. Siri yake nilikuwa naibeba mimi, mwenye mdomo.

"Baada ya mizimu kula, uliutupa?" akauliza, kwa matumaini.

"Nitupe chakula cha sadaka, nina wazimu? Nilimpa Bi Chiu, awape wajukuu."

"Mwaka huu tu?"

"Kila mwaka."

Bi Chiu anakaa ghorofa ya nne, anauza wali wa bata mzinga pale kona. Kun-shan humsema kwamba anashika simu kichwa chini miguu juu. Tulipanda ngazi. Mimi nilikuwa nyuma, naogopa kucheka. Bi Chiu alitufungulia akiwa na mwiko mkononi.

"Ala, Mkuu! Na mdogo wangu Pi-hsia! Karibuni, mmekula?"

"Tumekula," akasema Kun-shan, ambaye hakuwa amekula. "Dada Chiu, ule mfuko wa vitafunio wa mwezi wa saba..."

"Oo, watoto waliumaliza siku ile ile. Asante sana. Mnataka paswedi?"

Alisema hivyo hivyo, kama anayeuliza mnataka chumvi. Akaelekeza mwiko kwenye friji. Pale mlangoni, chini ya sumaku yenye umbo la nanasi, palikuwa na kipande cha plastiki ya kijani kilichokatwa vizuri kwa mkasi, chenye mwandiko wa mume wangu. Nikasogea, nikasoma kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ilikuwa namba yake ya kazi kule kiwandani, ikifuatiwa na tarehe aliyopandishwa cheo kuwa mkuu wa kitengo.

Siku hiyo ya cheo naikumbuka. Nilikuwa hospitali na Yu-chen ana homa, na yeye alikuwa kwenye karamu. Hamu ya kucheka ikaniisha.

"Nichukue?" nikamuuliza Bi Chiu.

"Chukua, mdogo wangu. Mimi nimeikariri."

Mlangoni Kun-shan akamwinamia. "Dada Chiu, nakuomba. Leo mkutanoni uizime simu yako. Na jambo hili libaki kati yetu."

"Mimi sitasema neno," akasema Bi Chiu, na kweli hakusema yeye.

Saa tisa ukumbi ulijaa. Nyumba zetu ni ishirini na nne na sisi tunakaa ghorofa ya kwanza, juu ya ukumbi kabisa, hivyo mtandao wetu unafika chini bila shida. Kun-shan alikuwa amevaa tai. Aliiunganisha simu yake na runinga kubwa, hotuba ikatokea, na akapanda juu ya maneno yake kama jogoo juu ya ua. Akaeleza kuhusu wezi wa mtandao. Akaeleza kuhusu watu wazembe wanaoacha namba zao ovyo. Hapo nilitazama viatu vyangu.

"Na sasa," akasema, "nitawaonyesha nyumba iliyofungwa barabara inavyokuwa. Mtandao wangu, hivi sasa, una simu mbili tu ndani yake. Yangu na ya mke wangu."

Akagusa kioo. Kwenye runinga ikafunguka orodha ya vyote vilivyomo katika mtandao wetu, na juu yake namba: thelathini na saba. Kwanza simu yake. Halafu yangu. Halafu "Simu ya Mlinzi Hung". Halafu "Runinga ya Tseng Ghorofa ya Tatu". Halafu "Mashine ya Kufulia". Halafu "Wali wa Bata Mzinga, Kupokea Oda", kwani Bi Chiu aliombwa kuzima simu tu. Orodha iliendelea kushuka, naye anagusa kioo huku na huku, hajui kuifunga.

Ukumbi wote ukaisoma. Mwenye kuvuliwa nguo huchutama, lakini Kun-shan alisimama wima na tai yake.

Aliyezungumza kwanza ni mlinzi Hung, mzee mpole asiyejua fitina. "Mkuu," akasema, "tulitaka kukushukuru siku nyingi, tukawa tunaona haya."

"Kunishukuru?"

"Kwa paswedi. Kila mwezi wa saba unaituma kwenye mfuko wa sadaka. Dada Chiu akatuambia, kilichotolewa sadaka hakifungiwi kabatini, kinagawanywa. Akatugawia wote."

"Mwanangu amesomea mtihani wake wote kwenye mtandao huo!" akasema mama Tseng. "Nilimwambia mume wangu, Mkuu anajifanya mkali tu, moyo wake ni wa dhahabu. Mtu anatoa kwa siri, hata hataki asante. Ndiyo maana sisi ghorofa ya tatu wote tunampa kura."

Watu wakapiga makofi. Bi Chiu alikuwa amekaa mstari wa mbele, simu imezimwa, mikono magotini, anamtazama mume wangu kwa macho yasiyopepesa. Mimi pia nilimtazama. Ilimbidi aseme moja kati ya mawili, kwamba ni mzembe au ni mkarimu, na nusu ya pumzi ilitosha kwake kuchagua.

"Naam," akasema Kun-shan, akarekebisha tai. "Nilifikiri... jirani ni ndugu. Sikupenda kujitangaza."

Sikutegemea aibu, maana namjua. Ila nilitegemea angalau atanitupia jicho. Sadaka niliiweka mimi, mfuko niliubeba mimi, na mwenye moyo wa dhahabu akawa yeye. Alichaguliwa kwa kura zote. Hakuna mwingine aliyekuwa amekitaka kiti kile, lakini hilo halikumpunguzia furaha.

Tulipoingia ndani, kabla hata ya kuvua viatu, akanyoosha mkono. "Nipe kile kipande. Nabadilisha paswedi sasa hivi. Watu thelathini na tano ndani ya mtandao wangu! Ndiyo maana unachechemea!"

"Nimeshabadilisha," nikasema.

"Nini?"

"Ulipokuwa unapigwa picha na mlinzi Hung. Mama Tseng alinielekeza, dakika mbili tu. Na majirani wote wameshaambiwa mpya. Moyo wako wa dhahabu, mwenyekiti. Au nishuke nikawaeleze ilikuwaje?"

Akaushusha mkono aliokuwa ameunyoosha. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo, na nasema wazi kwamba nilifurahi.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo, akanipa simu yake. "Niandikie." Akageuka mwenyewe, akanipa mgongo, kama vile mimi ndiye mwenye siri.

"Huna haja ya kugeuka," nikamwambia. Nikamrudishia simu bila kuandika kitu. "Siyo siri. Ni tarehe ya harusi yetu. Ile yenyewe."

Akanitazama. Akaandika, polepole. Ikagoma. Akafikiri, akaandika nyingine. Ikagoma. Mimi nikaenda jikoni nikaweka maji ya chai, nikamwacha na miaka yetu thelathini na moja ya ndoa.

Maji yalipochemka nilisikia mlango unafunguliwa taratibu, halafu ndara zake zikipanda ngazi, ghorofa ya pili, ya tatu, ya nne. Halafu kengele ya Bi Chiu. Mwenyekiti wetu alikuwa amekwenda kuuliza alioa lini.