Mwanafunzi wa Thelathini na Moja

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na mwalimu wa kompyuta aliipenda methali hiyo kuliko methali zote, kwa kuwa ilikuwa imemsitiri miaka kumi na miwili.

Wanafunzi walimwita Hifadhi. Chuo kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na umeme wa jengo lile ulikuwa na tabia ya mgeni asiye na adabu: huondoka bila kuaga. Kwa hiyo kila baada ya dakika kumi mwalimu husimama katikati ya safu, akagonga rula kiganjani, akasema, "Hifadhi kazi yako." Chumba kilikuwa na mashine ishirini, kumi na nne zikiwa hai na kutumiwa kwa kupokezana, na mojawapo ikikoroma kama mzee aliyeshiba. Vumbi la saruji lilipanda kutoka dukani likatua juu ya vioo, na kila asubuhi alivifuta vyote kwa kitambaa chenye maji kidogo, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Siri yake ilikuwa hii. Mamia ya watu walikuwa wamejifunza kwake kupiga chapa kwa vidole kumi, macho yakiwa juu, mgongo ukiwa umenyooka. Yeye mwenyewe alipiga kwa vidole viwili tu, vile vya shahada, macho chini, kama kuku anayedonoa mtama. Hapakuwa na aliyejua. Akiombwa aonyeshe, hujibu, "Kazi ni yako, si yangu." Na watu wakamwona ana hekima.

Sasa ikatokea kwamba makao makuu yalileta mfumo mpya wa usajili, na Mkuu wa Chuo, mama mmoja aliyevaa miwani juu ya paji la uso na kuitafuta mchana kutwa, akamwagiza Hifadhi awafundishe wanafunzi kujaza fomu yake. Siku zote alikuwa akiwaonya kwamba mfano haujazwi kwa jina la mtu aliye hai. Lakini fomu ile ilidai namba ya kitambulisho cha kweli, na namba pekee aliyoihifadhi moyoni ilikuwa yake. Akaiandika. Akaeleza kila kisanduku kwa utulivu. Kisha ulimi wa mazoea ukasema, "Na mwisho, tunahifadhi," na mkono wa mazoea ukafuata ulimi.

Kioo kikaandika: Hongera. Wewe ni mwanafunzi wa thelathini na moja.

Darasa likacheka. Hifadhi naye akacheka, ila kicheko chake kilikwisha mapema kuliko vyao.

Asubuhi iliyofuata Mkuu alimwita ofisini.

"Mfumo unasema mtu hawezi kuwa mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja."

"Basi nifute uanafunzi, Mkuu."

"Mwanafunzi hafutwi. Mwanafunzi hutoka kwa njia tatu: kuhitimu, kufukuzwa, au kufariki." Akasogeza uso karibu na kioo. "Hii ya tatu inadai cheti."

"Na ualimu wangu?"

"Umesimamishwa mpaka uhitimu. Usinielewe vibaya, mahudhurio yako ni mazuri kuliko ya wote."

"Wanafunzi thelathini watafundishwa na nani?"

"Thelathini na mmoja," alisema Mkuu kwa upole. "Mfumo umeshachagua. Umemchukua mwenye alama za juu darasani awe mwalimu wa muda, na wa muda, kwa mfumo, hahesabiwi kuwa mwalimu."

Mwenye alama za juu alikuwa Mama Mshonaji, ajuza wa miaka sitini na ushei, mwenye duka lake la kushona barabara ya pili. Alikuja kujifunza kompyuta ili achore vipimo vya wateja wake bila kuvipoteza, na utepe wa kupimia haukumtoka shingoni hata alipokuwa darasani. Alipoambiwa kwamba sasa ni mwalimu, hakustaajabu sana. Aliweka mkoba wake mezani, akaichukua rula, akaipima kwa utepe.

"Imepungua nukta moja," alisema. "Lakini tutaitumia."

Hifadhi alikuwa bado amesimama mbele, pembeni yake, kwa mazoea tu.

"Mwanangu, keti. Mwalimu akisimama ubavuni mwa mwalimu, wanafunzi wamtazame yupi?"

Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa safu ya tatu, jirani na Mlinzi. Huyu alilinda lango la chuo usiku, na mchana akasoma. Alikuwa akisoma kozi hiyo kwa mara ya nne, kwa maana kila muhula alipiga maneno ishirini na manane kwa dakika, na sharti lilikuwa thelathini.

"Karibu," Mlinzi alimnong'oneza. "Kiti hicho mguu mmoja ni mfupi. Usiegemee kulia."

"Mbona hukuniambia siku zote?"

"Nilikwambia mara tatu, Mwalimu. Ukaniambia nihifadhi kazi yangu."

Sharti la maneno thelathini alilitunga Hifadhi mwenyewe, na chini yake akaandika kwa herufi nene: Pungufu ni pungufu. Mtihani ulikuwa baada ya wiki sita. Akifaulu, angerudi kwenye rula yake. Akishindwa, mfumo ungeitangaza nafasi yake kuwa wazi, naye angeanza kozi upya. Na kabla ya hayo yote lilikuwapo jambo lililomnyima usingizi zaidi: angepiga chapa mbele za watu.

Siku ya pili tu Mama Mshonaji alisimama nyuma yake. Alisimama kitambo kirefu, kama anavyosimama mbele ya vazi lenye kasoro asiyoiona bado.

"Vingine vinane viko wapi?" aliuliza, sauti ya chini.

"Vimepumzika, Mama."

"Tangu lini?"

Bibi yule akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akasema, sasa kwa sauti ya darasa zima, "Wewe baki baada ya kipindi. Unakaa vibaya." Kumsitiri mwenzako ni ibada, na ajuza yule alikuwa mtu wa ibada.

Mafunzo ya baada ya kipindi yalikuwa makali. Mama Mshonaji alishona kijipazia cha kitambaa cheusi, akakifunga juu ya kibodi ili mikono ifanye kazi gizani. Alipoona vidole vya shahada vinaendelea kujitutumua, alitoa mkobani subana mbili, vile vikofia vya chuma vya kukinga kidole na sindano, akavivika vidole hivyo. Kila vilipokimbilia herufi isiyo yao, chuma kililia.

"Huyo hapo mwizi," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mshono wake. "Mrudishe kwao. Na hicho kidole kidogo, mwanangu, hakikuumbwa kwa ajili ya kupamba kikombe cha chai."

Kidole kidogo cha kushoto ndicho kilichokuwa msiba. Kwa bahati mbaya wazungu waliopanga kibodi waliiweka herufi A chini ya kidole hicho, nayo lugha yetu haina herufi inayoipenda kuliko A. Kila neno Hifadhi alilokutana nalo lilimdai kidole dhaifu kuliko vyote, mara mbili, mara tatu, kama ndugu asiyechoka kuomba.

Nyumbani alikuwa na paa, na juu ya paa alikuwa na burudani yake. Kompyuta zilizokufa hakuzitupa. Alizitoa matumbo, akazijaza udongo, akapanda. Nyanya zilichungulia kwenye vioo vitupu kama wasomaji wa habari. Pilipili zilikaa ndani ya masanduku. Na kibodi zilizong'oka vitufe alizipanda giligilani, mche mmoja kwa kila tundu la herufi. Jioni hizo alichuchumaa mbele ya kibodi ya giligilani, akafumba macho, akafanya mazoezi kwa kugusa miche.

Mkewe, muuguzi aliyerudi kazini na viatu mkononi, alimkuta hivyo.

"Watu hupanda maua, mume wangu hupanda mitambo. Sawa, nimezoea. Lakini leo unaisomea dua?"

"Nafanya mazoezi ya vidole."

"Vimeteguka?"

Akamweleza yote. Mkewe alicheka mpaka akakaa juu ya ngazi.

"Ngoja kwanza. Barua zako za uchumba, ulizosema umezipiga chapa mwenyewe?"

"Nilizipiga mwenyewe."

"Kwa vidole viwili?"

"Ndiyo maana zilikuwa fupi."

"Na mimi nikawaambia dada zangu kwamba una haya," alisema, akifuta machozi. "Sogea, unaniulia giligilani."

Ilikuwa kweli. Wiki ya tano, herufi zote zilikuwa zimechipua isipokuwa A, ambayo ilibaki udongo mtupu uliosagika. Q na X, zisizotakiwa na mtu, zilikuwa msitu.

Wakati huohuo alikuwa ameyaandikia makao makuu barua tatu za kuomba aondolewe. Jibu likaja moja kwa zote: Ombi limepokelewa. Mwanafunzi aliwasilishe kwa mwalimu wake. Akalipeleka ombi kwa Mama Mshonaji, naye akalisoma, akalikunja mara nne kama kiraka.

"Nimelipokea," alisema. "Haya, vaa subana."

Siku ya mtihani Mkuu alikuja kushuhudia, miwani ikiwa juu ya paji, akaomba msaada wa kuitafuta saa. Kila mtahiniwa aliitwa peke yake kwenye mashine ya mbele, akapewa ukurasa asiouona kabla, na dakika moja. Mashine haikuhesabu. Mwalimu alihesabu kwa kalamu, kisha akaiandika namba kwenye mfumo kwa mkono wake. Nao utaratibu huo Hifadhi aliutunga mwenyewe, kwa kuwa hakuziamini mashine.

Alipoitwa, alikaa, akanyoosha mgongo, akainua macho. Hakuvaa subana wala hapakuwa na pazia. Mkuu aliposema "Anza," vidole kumi viliteremka pamoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisikia sauti ile aliyoisikia chini ya mikono ya wengine miaka yote, sauti ya mvua juu ya bati. Kidole kidogo kilijikongoja, kikaanguka, kikainuka. Hakuangalia chini hata mara moja. Dakika ikaisha.

Mama Mshonaji alihesabu kwa ncha ya kalamu. Akahesabu tena. Kisha akainama, uso wake karibu na sikio la Hifadhi, kama anayepima ukosi.

"Ishirini na manane," alinong'ona. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nina duka langu, wateja wananisubiri. Sikuja hapa kumnyang'anya mtu kazi yake. Thelathini ni namba nzuri, na mkono wangu unajua kuiandika."

Hifadhi alitazama kioo. Mshale ulikuwa ukipepesa ndani ya kisanduku kitupu, ukingoja. Neno moja tu, hata neno lisingehitajika, kuinamisha kichwa kungetosha. Rula ingerudi mkononi, na siri ingerudi mahali pake pa miaka kumi na miwili. Alitupa jicho safu ya tatu. Mlinzi alikuwa akikunja na kukunjua vidole vyake juu ya magoti, midomo ikienda, huenda akiomba dua. Mara tatu Hifadhi alikuwa amemwandikia ishirini na manane. Mara tatu Mlinzi alisema, "Mawili tu, Mwalimu," na mara tatu alionyeshwa maandishi manene. Aliyemwonyesha mwenyewe asingefikisha hata maneno kumi kwa vidole kumi.

"Mama," alisema, "andika ishirini na manane."

"Una hakika?"

"Hayo ni ya vidole kumi. Ukiyachanganya na mawili ya uongo, yote yataharibika."

Kisha, kwa kuwa kila mtu alikuwa amemsikia, akasimama akalimalizia jambo lote. Aliwaambia kwamba mpaka wiki sita zilizopita hakujua kupiga chapa. Hakuna aliyecheka. Mashine ya pembeni ilikoroma. Mkuu alivua miwani kutoka kwenye paji la uso, akaishangaa, akaivaa.

"Anayefuata," alisema Mama Mshonaji.

Aliyefuata alikuwa Mlinzi. Alipiga maneno thelathini na matano. Baadaye alisema kwamba ni kwa ajili ya mshangao, alisahau kuogopa.

Mama Mshonaji alihitimu siku hiyohiyo, akarudi dukani kwake. Mfumo ukatangaza nafasi ya mwalimu kuwa wazi, na alama za juu miongoni mwa waliobaki zilikuwa za Mlinzi. Na kwa kuwa lango halikai bila mtu, mfumo ukatafuta mwenye ujuzi wa chuo wa miaka mingi asiye na wadhifa, ukampata mmoja tu.

"Kwa hiyo usiku utakuwa langoni," mkewe alisema alipopewa habari, akikaza vifungo vya sare yake ya kazi, "na mimi zamu ya usiku hospitalini. Angalau sasa tutaonana mchana."

"Mchana nitakuwa darasani."

"Basi utaniandikia barua," alisema. "Ndefu, safari hii."

Jumatatu, saa mbili kamili, Mlinzi alisimama mlangoni mwa darasa akikagua mikoba ya wanafunzi mmoja mmoja, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kumpokea mtu. Ulipofika mkoba wa Hifadhi aliufungua, akauchungulia, akaufunga kwa heshima.

"Nikuite nani sasa?" aliuliza.

"Unaita majina kwa orodha. Niite kwa namba yangu."

"Siwezi, Mwalimu. Ulimi haukubali."

"Basi usiniite. Anza kufundisha, watu wanasubiri."

Hifadhi akapita, akaketi safu ya tatu bila kuegemea upande wowote, akaiweka mikono yake yote miwili juu ya meza, wazi, mahali ambapo kila mtu angeweza kuiona.