Samaki wa Alfajiri

Kwa miaka kumi na miwili Bwana Karibu, kama wenzake walivyomwita, aliwaketisha wageni kwenye meza za mgahawa wa kando ya maji, na mwenyewe hakuwahi kuketi kwenye hata moja. Siku yake moja ya mapumziko mkewe akamburuta hadi hapo kama mgeni.

"Leo tunahudumiwa sisi. Ukinyanyuka kufuta meza ya mtu, nakufunga kwenye kiti!"

Mikono ikamwasha kila sahani chafu ilipopita, lakini akajikaza kisabuni. Akaja mhudumu mpya, mwanafunzi wake.

"Samaki wenu wa lini?" mke akauliza.

"Ametoka baharini alfajiri, mama. Bado anashangaa kafikaje jikoni."

Maneno hayo aliyatunga Bwana Karibu mwenyewe, siku friji ilipofurika samaki wa wiki iliyopita. Akaificha sura nyuma ya menyu.

"Basi niletee huyo. Na wewe, baba watoto?"

Bwana Karibu akakohoa. "Sote wawili tuletee kuku."

Mke akamkazia macho, kisha akaangua kicheko.

"Miaka yote hii hujaniletea nyumbani hata mkia wa samaki, nikakuita bahili. Kumbe ulikuwa unanipenda!"