Mita Mia Mbili Sitini na Nne

Kazini walimwita Bwana Vipimo, na jina hilo hawakumpa kwa upendo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpimaji wa barabara wa halmashauri, yule mtu unayemwona akitembea pembeni ya lami huku anasukuma gurudumu moja lenye mpini mrefu na kijisanduku cha namba kinachohesabu mita. Ukimwambia nyumba yako iko mita mia mbili kutoka kituoni, atakusahihisha. Mkewe alishazoea kumwona dukani akipima sofa kwa shubiri, muuzaji ametoa macho, na mwisho wa yote sofa lenyewe halinunuliwi.

Gurudumu lile lilikuwa na sheria yake. Nyuma ya stoo ya halmashauri, kwenye ukingo wa saruji, kulikuwa na misumari miwili ya shaba, na kutoka mmoja hadi mwingine ni mita mia kamili. Kila asubuhi kabla gurudumu halijatoka getini, mpimaji alilisukuma kutoka msumari hadi msumari, akasoma namba, akaiandika kwenye kadi na kutia sahihi. Kama halikusoma mia, gurudumu halitoki. Wenzake walisema ni kupotezeana muda tu. Yeye aliwahi kumrudisha ofisini mpimaji mwenzake, jua la saa sita linawaka, kwa sababu kadi yake ilikuwa tupu, na kisa hicho akakisimulia mwaka mzima mpaka watu wakawa wanamkimbia kwenye foleni ya chai.

Kitu kingine alichojisifia ni mbio. Alianza akiwa na miaka arobaini, baada ya daktari kumtisha juu ya presha, na kwa kuwa aliona aibu kukimbia peke yake na kitambi chake, alimwomba mdogo wake wa mwisho, wa kike, amsindikize. Huyo mdogo mtu alikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha sare, mwembamba hata nyumbani wakamwita Sindano. Alikuja kumsindikiza kaka yake mwezi mmoja. Mwaka haujaisha, anayesindikizwa akawa haonekani alikoachwa nyuma.

Sindano alikuwa na mbio za kweli. Hakufundishwa na mtu. Alisimama kiwandani masaa tisa kila siku akishona kola za mashati, akatoka hapo akaenda kumwogesha mama yao mgonjwa, na bado alfajiri alikuwa wa kwanza kufika kwenye ukuta wa karakana ya mabasi walipokutania. Kila mwaka mji wao ulifanya marathoni, na chama cha riadha kilikuwa kimeahidi jambo moja: mwanamke wa kwanza kumaliza, akiwa chini ya masaa matatu na dakika kumi, anapelekwa na timu kwenye mashindano makubwa ya nje. Nafasi ni hiyo moja. Sindano alikuwa na miaka thelathini na sita na hajawahi kulala nje ya mji ule hata siku moja. Mara ya kwanza alichelewa kwa dakika nne. Mara ya pili angefika, lakini kaka mtu alianza kutapika kilomita ya thelathini, na yeye alipoambiwa akageuka akarudi kumshika mkono. Hakuwahi kumkumbusha jambo hilo. Mwaka huu mama alikuwa ameshafariki, na Sindano alimwambia kaka yake kwamba hii ndiyo ya mwisho, akiikosa atarudi kwenye kola zake kwa amani.

Basi mwaka huo halmashauri ikabadilisha njia ya mashindano, kwa sababu daraja la zamani lilikuwa linajengwa, na nani wa kupima njia mpya kama si Bwana Vipimo. Alivimba kichwa. Ijumaa kabla ya kupima, mpira wa gurudumu ukachanika. Stoo hawakuwa na mwingine, basi akakata kipande kwenye tairi kuukuu la baiskeli ya mwanawe, akakizungusha, akakigandisha kwa gundi. Kazi ikawa safi, hata kuutafuta muungio ungepata shida.

Siku ya kupima iliangukia siku ya mazoezi marefu ya Sindano, kilomita thelathini na mbili. Kaka mtu alisema hatamwacha akimbie peke yake. Walitoka saa kumi alfajiri. Kilomita za mwisho alijikokota, miguu imekuwa magogo, na Sindano akimwambia aende kazini asichelewe, lakini yeye akakataa, anataka na yeye amalize. Alipofika halmashauri bosi wake, mhandisi, alikuwa ameshawasha gari na anapiga honi. Bwana Vipimo akaingia stoo mbio, akachukua gurudumu, akachukua kadi. Kwenda kwenye misumari na kurudi ni dakika tatu. Alisimama pale, honi inalia, jasho linamwingia machoni. Akaandika mia kamili, akatia sahihi, akapanda gari.

Wakapima siku mbili. Usiku wa katikati gurudumu lililala ndani ya gari la mhandisi, na siku ya pili kadi ilikuwa ileile. Kisha likarudishwa stoo, na halikutoka tena mpaka mashindano yalipokwisha.

Siku ya mashindano Sindano alikimbia kama mtu aliyesahau kupumua. Nyuma yake alishikwa na nesi mmoja wa zahanati ya mji, binti mwenye miguu mirefu, na kwa kilomita kumi za mwisho hawakuachana. Sindano alimaliza kwa masaa matatu, dakika tisa na sekunde ishirini na mbili. Nesi akafuata sekunde tisa baadaye. Bwana Vipimo mwenyewe, ambaye mara nne alikuwa amejaribu kushuka chini ya masaa manne akashindwa, alifika ikiwa imebaki dakika moja na kidogo. Alimkuta mdogo wake amekaa chini kwenye nyasi na medali shingoni, analia bila kujificha. Alipomwona kaka yake alimwambia jambo moja tu, kwamba laiti mama angekuwepo. Naye akapiga magoti wakalia wote wawili. Siku ile ilikuwa ya furaha kweli, na ndiyo maana kilichofuata kinauma hivi.

Jumatatu aliingia kazini anachechemea na kucheka na kila mtu. Akatoa gurudumu, akalipeleka kwenye misumari kama desturi yake, anapiga mluzi. Kijisanduku kikasoma mia nukta sitini na tatu. Akadhani amepinda. Akarudia. Kikasoma vilevile. Mara ya tatu alitembea kama anayebeba mayai, na namba ikakataa kubadilika. Mpira wa baiskeli ulikuwa mwembamba kuliko ule wa awali kwa milimita moja. Gurudumu likawa dogo, likazunguka mara nyingi zaidi, likahesabu mita ambazo hazikuwepo. Alikaa kwenye ukingo wa saruji akafanya hesabu kwa penseli nyuma ya kadi. Njia ilikuwa pungufu kwa mita mia mbili sitini na nne. Kwa mwendo wa Sindano hiyo ni dakika moja na sekunde kumi na moja. Angemaliza akiwa amepitisha muda uliowekwa kwa sekunde thelathini na tatu.

 Angeweza kupanda ngazi mbili tu akamwona mhandisi. Badala yake alisubiri saa kumi na moja jioni akaenda kwa mdogo wake.

Alimkuta chumbani anapunguza kiuno cha suruali ya michezo aliyopewa na chama. Kitandani kulikuwa na fomu za pasipoti, na picha zake nne ndogo ambazo zote alikuwa amekunja uso. Alimkaribisha kiti, akaanza kumsimulia alivyosumbuliwa na mpiga picha. Kaka mtu akamkata, akamweleza yote, mpira, honi, kadi, mpaka sekunde thelathini na tatu. Aliyasema akitazama sakafu.

 Sindano akachomoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye kitambaa.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

"Kwa nini mimi?"

Akajibu kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kujua. Lilikuwa jibu zuri, alikuwa amelitengeneza njiani.

"Hapana, kaka. Kukosea ningekusamehe hata leo. Ungekwenda kwa bosi wako, ningepata habari kwa watu, ningelia, yangeisha. Umekuja kwangu ili mimi ndiye nikuambie unyamaze. Ili kesho na keshokutwa useme ulinyamaza kwa ajili yangu."

 Na ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ametembea njia nzima akimsikia mdogo wake kichwani mwake akisema basi kaka, yaache, na yeye akijibu kwa huzuni, haya, kama umesema wewe.

Sindano akaendelea kwa sauti ileile ya chini. "Mimi kiwandani nikikata kitambaa pungufu, nguo haivaliki. Hata mtu akiipenda vipi. Sasa nitaivaaje hii?"

Akamwambia aende akaseme kwa mhandisi asubuhi. Akaenda, tumshukuru kwa hilo. Mhandisi alimsikiliza, akainuka, akafunga mlango. Alitaka kujua kama kuna mwingine aliyeona ile namba. Halafu akamweleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara, kwamba vyeti vimeshasainiwa na meya, wageni wamerudi kwao, na chama cha riadha hakiwezi kuambiwa kwamba watu elfu moja na mia mbili hawakukimbia marathoni. Kama Bwana Vipimo anataka kusema, aseme, ila aanze na ile kadi yenye sahihi yake ya uongo, na ajue kwamba kazi inaishia hapo, na mafao nayo yako mashakani. Atafute mpira sahihi, aende zake.

Alipotoka mle ndani, mpimaji wetu aliona kitu kinamshuka mabegani, na njiani kwenye ngazi akagundua kwamba kinachomshuka ni hofu. Alikuwa amefurahi. Alijichukia kwa furaha hiyo, lakini hakurudi juu.

Jioni alimweleza Sindano, akaongeza kwamba sasa hakuna la kufanya, wakubwa wameshaamua, kwa hiyo aende tu, safari yenyewe ni ya wiki mbili. Sindano akamuuliza wifi yake anajua? Hajui. Na watoto, yule mkubwa bado mwaka mmoja amalize shule? Ndiyo, bado mmoja. Akatikisa kichwa akasema haya.

Kesho yake alikwenda chama cha riadha akawaambia goti limekufa, hawezi kusafiri. Hakutaja njia, hakutaja gurudumu. Wakampa pole, wakafungua daftari, wakatazama nani anafuata, mwenye muda unaotakiwa. Alikuwepo. Yule nesi alikuwa na masaa matatu, dakika tisa na sekunde thelathini na moja, katika njia ileile, pungufu kwa mita zilezile.

Nesi alikuja kumshukuru, na siku hiyo Bwana Vipimo alikuwepo. Binti alikaa ukingoni mwa kiti, anaona haya, anasema dada, nafasi hii ni yako, mimi nimeokota tu. Akataka kuliangalia goti, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Sindano akavuta gauni, akasema ameshapimwa, ni la ndani. Akampa na ile suruali ya michezo, akamwambia kiuno hakijamaliziwa, asimame ampime. Akampima pale pale, mikono imetulia, pini mdomoni. Kaka mtu alitoka nje kwa kisingizio cha simu, akasimama uani mpaka binti alipoondoka.

Timu ikasafiri. Nesi alimaliza wa mia tatu na kitu, akarudi na picha nyingi. Bwana Vipimo akaacha mbio. Kadi za gurudumu alizijaza sawasawa kila asubuhi na hakuna aliyemsikia tena akimsimulia mtu chochote. Sindano naye hakukimbia, angekimbiaje, mji mzima umeshaambiwa ana goti bovu. Kiwandani msimamizi alimletea dawa ya kuchua. Majirani walimshauri maji ya moto, wengine maji baridi, na wote waliongeza kwamba kwa umri wake ilikuwa lazima. Aliwaitikia. Sokoni, kiwandani, kituoni, alitembea akiuburuta kidogo mguu wa kushoto.

Jumamosi moja kaka yake alipita kumjulia hali. Mvua ilikuwa inataka kunyesha. Walikuwa wawili tu, geti limefungwa, ukuta mrefu pande zote. Sindano akachukua beseni akaenda kuanua nguo upande wa pili wa ua, na alikwenda akichechemea, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kamba.

"Mdogo wangu, hapa hakuna anayekuona."

"Najua," alisema, anatoa vibanio. "Nikiacha nikiwa nyumbani, nitajisahau nikiwa barabarani."

Matone yakaanza kudondoka. Hakuharakisha. Akakunja nguo zote ndani ya beseni, akalipandisha kiunoni, akarudi vilevile.