Waliokatwa Mkiani

Cuthbert Ormsby alikuwa jikoni kwake Peckham, London, akila samaki wa moshi na mkate, gazeti limeegemezwa kwenye birika, mkewe Winifred alipoingia na kumwambia kuwa kuna wachimba makaa wameketi ngazini.

"Wengi?"

"Wamefika mpaka juu, mlangoni pa choo. Wanachuruzika maji. Zulia langu ndiyo basi tena."

Cuthbert akafunua gazeti. Habari yake ya mgodi uliofurika ilikuwapo, na jina lake juu kwa herufi nene. Alikuwa ameanza na lodi mwenye mgodi, mtu wa cheo kikubwa, aliyekwenda kutoa pole. Majina ya waliokufa, na jinsi walivyosema mapema kwamba ukuta unavuja, aliyaweka aya ya mwisho. Aya ya mwisho haikuwapo. Mahali pake palikuwa na tangazo la soksi.

Magazetini, nafasi ikibana, mhariri hana muda wa kuchagua. Anakata kuanzia mkiani, basi. Waandishi wote walilijua hilo, na bado watu wasio na vyeo waliwaweka hukohuko mkiani. Jamani, huo nao ni ujinga gani?

Wachimbaji hawakuwa wa kwanza kukatwa gazetini wakaja kukaa kwake. Kabatini mlikuwa na nesi aliyekatwa katika habari yake moja tangu wakati wa vita. Sisi majirani tulikwisha kuwazoea; Bi Pruett wa nyumba ya pili alilalamikia vikohozi tu, vilivyopenya ukutani.

"Waanze wao, Cuthbert," Winifred alisema. "Mara moja tu. Nimechoka kuwapikia watu wasiokula, wanaotazama ukuta."

Akajaribu. Mgodi mwingine ulipofurika, aliwatanguliza marehemu. Mhariri akacheka mpaka akakohoa.

"Ormsby bwana, hii habari umeivika suruali kichwani!"

Akaipindua, lodi akapanda juu, mkia ukakatwa. Jioni Winifred aliwasogeza wa zamani ili wapya wapate pa kukaa. Cuthbert hakujaribu tena. Aliogopa kupoteza jina, na jina ndilo alilokuwa nalo.

Alipostaafu, gazeti lilimwomba aandike makala ya kuaga. Akaandika vita alivyoviona, wafalme aliowahoji, nishani aliyovishwa. Winifred alisimama nyuma ya kiti chake akisoma, akijitafuta.

"Mimi niko wapi?"

"Mwishoni, mpenzi. Mwishoni ndipo penye heshima."

"Heshima! Mwambie hayo nesi wa kabatini." Akamshika bega. "Nipandishe, Cuthbert. Hata mstari mmoja. Naogopa."

"Matangazo wiki hii ni machache," alisema, akavaa kofia na kuipeleka makala.

Jumamosi asubuhi jiko lilikuwa baridi. Gazetini, mahali pa aya ya mwisho ya makala, palikuwa na tangazo la wiski, chupa kubwa. Winifred alikuwa ngazini kati ya wachimbaji wawili, amevaa aproni, mikono juu ya magoti, maji yakimtiririka mikononi ingawa mgodini hakuwahi kufika. Alikuwa akitazama ukuta.

"Winnie," Cuthbert alimwita. "Winnie, chai."

Akalia, wala hakujificha; tulimsikia mpaka barabarani. Kisha akaketi kwenye taipureta kumwandikia mhariri amrudishe mkewe gazetini, na asimkate tena. Bi Pruett aliyemletea supu aliisoma barua ile ikiwa bado mashineni. Ilianza na miaka yake kazini, ikaja nishani, iliyotajwa kimakosa katika makala, ikaja vita. Winifred alikuwa aya ya mwisho.

"Bwana Ormsby," Bi Pruett alimwambia, "huyu mkeo mbona umemweka huku chini?"

"Ndivyo inavyoandikwa," Cuthbert alijibu, akafuta machozi, akaikunja na kuipeleka gazetini.

Jumatatu gazeti liliomba radhi kwa kosa la nishani.